Jinsi Tulivyojenga Nyumba Yetu

Nataka kuwaeleza habari za nyumba tuliyoijenga mimi na mke wangu, karibu na Mbale, huku Uganda. Mimi ni mwalimu, na mke wangu ni mshonaji wa nguo. Hakuna kati yetu aliyepata kushika mwiko wa fundi. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa ikila karibu nusu ya mshahara wangu, na fedha za kumlipa mjenzi hatukuwa nazo.

Tuliazima kalibu ya mbao ya inchi 18 kwa 9 kwa 6, tukanunua mifuko 3 ya saruji, kila mmoja kilo 50. Tulichanganya sehemu 1 ya saruji na sehemu 8 za mchanga wa mtoni, tukapata matofali 45. Tukayapanga juani ili yakauke upesi, kama tulivyoona watu wakifanya kwa matofali ya udongo. Baada ya juma moja niliinua moja, likamomonyoka mikononi mwangu. La pili vile vile. Mke wangu aliketi chini asiseme neno. Fedha zile alizipata kwa kushona sare za watoto muhula mzima.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa fundi zamani, alikuja akatazama, akasema, "Wanangu, matofali haya mmeyaua kwa kiu."

Ndipo alipotufundisha jambo ambalo wengi hawalijui. Udongo hukauka, lakini saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Saruji huungana na maji, na katika kuungana huko huzaliwa kitu kipya, kigumu kama jiwe, kinachoshika mchanga. Kazi hiyo huanza mara saruji inapokutana na maji, nayo huendelea kwa majuma mengi. Ndiyo sababu mafundi huhesabu siku 28. Jua likiyanyang'anya matofali maji yake mapema, kazi hukatika katikati. Lakini wakati wa kuchanganya, maji yakizidi huleta udhaifu. Fumbata mchanganyiko mkononi: ukishikamana bila kuchuruzika, unatosha.

Tukaanza tena. Safari hii matofali yalikaa kivulini, tukayafunika kwa majani makavu ya migomba, na mke wangu akayanywesha maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Hatukuyajengea mpaka siku 28 zilipotimia.

Katika kupima msingi, hesabu za shule zilitufaa. Toka kwenye kona, pima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, utie alama. Ikiwa kutoka alama hata alama ni futi 5 kamili, kona yako imenyoka. Mimi nilipima kwa haraka, nikasema imekwisha. Mke wangu alipima tena kwa tepe yake ya kushonea, akasema, "Baba watoto, kona hii imepotoka kwa inchi 2." Kweli ilikuwa imepotoka.

Kuta tulizipandisha polepole, mistari michache kwa siku, kila tofali likikalia maungio ya yale mawili ya chini yake, na timazi ikituamulia ugomvi. Paa hatukuthubutu, tulimwita seremala.

Kazi yote ilichukua miaka 2, kwa kuwa tulinunua saruji kila tulipopata fedha. Sasa tunakaa humo, wala hatulipi kodi. Yale matofali 45 yaliyoharibika tuliyaponda tukayashindilia chini ya sakafu ya sebule. Wageni wakiisifu sakafu, mke wangu hunitazama akacheka.

Rafiki zangu, msiogope kazi msiyoijua. Lakini ulizeni kwanza. Sisi tuliuliza baada ya mifuko 3.