Mujaaja, Kichaka Kivumiliacho Kiangazi

Kila mwaka, mvua za Machi hadi Mei zinapokoma, na tena baada ya zile za Septemba hadi Novemba, bustani nyingi za Kabalagala hubadilika sura. Maua yaliyopandwa kwa furaha wakati wa masika hujikunja, majani hukauka kama karatasi, na udongo mwekundu wa mteremko hupasuka. Hapo ndipo mama wa nyumba anapokabiliwa na swali gumu: maji yaliyobaki katika jerikeni apikie, awaogeshee watoto, au amwagilie maua?

Swali hilo huchoma zaidi katika mtaa huu kwa sababu maji yenyewe hayako mbali. Sehemu kubwa ya maji ya jiji la Kampala huvutwa kutoka Ziwa Viktoria huko Ggaba, kisha hupandishwa hadi kwenye matangi makubwa yaliyo juu ya kilima cha Muyenga, kilichopakana na Kabalagala. Lakini bomba linapokauka, ujirani huo haumsaidii mtu. Mwenye nyumba hulazimika kununua maji kwa jerikeni ya lita 20, na kila tone huwa na bei yake.

Kwa hiyo basi, mwenye busara hapiganii kulinyweshea jua maji yake. Huchagua mmea ulioumbwa kwa kuvumilia.

NDUGU WA NANAA

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, watunza bustani wanaochoka kubeba maji hupanda mmea wa jamaa ya nanaa uitwao nanaa ya paka, kwa kuwa paka huupenda mno na hugaagaa juu yake. Mmea huo huishi miaka mingi, hutoa maua ya zambarau, na ukisha kushika mizizi hauhitaji maji mengi. Lakini umezoea nchi zenye majira ya baridi kali. Sisi hatuna haja ya kuutamani, kwani jamaa yake yuko uani mwetu tangu zama za mababu.

Jamaa huyo kwa Kiganda huitwa mujaaja. Wataalamu wa mimea humwita Ocimum gratissimum, jina alilopewa na mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, mwaka 1753. Neno la pili maana yake ni «lipendezalo mno». Ni ndugu wa karibu wa mrehani, ule ambao akina mama wa Zanzibar na pwani huuchanganya na asumini katika vikuba vyao. Mujaaja ukisuguliwa kiganjani hutoa harufu inayokaribia ya karafuu. Hilo si ajabu, kwani aina zake nyingi zina mafuta yaitwayo eugenoli, ambayo ndiyo yaliyomo katika karafuu pia.

Mujaaja si mboga ya msimu mmoja. Ni kichaka chenye shina gumu kama mti, na kikiachwa hupita kimo cha mtu. Mizizi yake huzama chini, na majani yake yana malaika madogo. Kiangazi kikizidi, huangusha baadhi ya majani ili kupunguza upotevu wa maji, kisha mvua ya kwanza ikinyesha huchipua upya. Jirani asiyejua hudhani umekufa, akaung'oa. Kabla ya kuung'oa, kwaruza gome kwa ukucha: ukiona ubichi chini yake, mmea ungali hai.

JINSI YA KUPANDA

Njia iliyo rahisi ni ya kukata vipande. Mwanzoni mwa mvua, kata tawi lisilo na maua, lenye urefu wa kiasi cha sentimita 15. Ondoa majani ya chini, ubakize machache ya juu. Chomeka nusu yake katika udongo uliochanganywa na mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usitote, hata uone machipukizi mapya.

Anayetumia mbegu azinyunyize juu ya udongo na kuzifunika kidogo sana, kwani ni ndogo mno. Zikizikwa chini hazitokezi.

Mahali pa kudumu pawe na jua na pasituamishe maji. Mujaaja huvumilia kiu, lakini mizizi iliyozama katika matope huoza. Acha nafasi ya kiasi cha meta moja kati ya shina na shina. Asiye na kiwanja, kama walivyo wengi katika nyumba za kupanga za Kabalagala, atumie debe, beseni kuukuu au jerikeni iliyokatwa juu, mradi itobolewe matundu chini. Usiweke chombo cha kukinga maji chini yake na kuyaacha yakae, maana hapo utakuwa umewafugia mbu.

Miezi michache ya kwanza ndiyo ya kuuangalia mmea kama mtoto mchanga. Mwagilia mara mbili au tatu kwa juma mvua ikikosekana. Funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya mgomba, lakini yasiguse shina. Baada ya mizizi kushika, maji yaliyooshea mboga au mchele yatatosha. Yamwagwe jioni, chini ya shina, wala si juu ya majani. Aliye na mashina manne akiyagawia jerikeni moja kwa juma, kila shina litapata lita 5. Mmea uliomo katika debe hukauka upesi zaidi, hivyo utahitaji maji kidogo kidogo mara nyingi.

Unapoanza kutoa maua, kata ncha ili majani yazidi. Liache tawi moja au mawili yachanue, kwani nyuki huyapenda. Baada ya maua, punguza theluthi moja ya kichaka, lakini usikate hadi kwenye mti mkavu usio na jani. Shina likizeeka na kutoa majani machache, panda kipande kipya kando yake.

FAIDA NA TAHADHARI

Katika nyumba nyingi za Uganda, majani machache ya mujaaja hutiwa katika chai, nayo hupata harufu nzuri hata ikiwa maziwa ni haba. Mama mjamzito, au mtu anayetumia dawa, aulize kwanza kwa mganga wa zahanati kabla ya kuinywa kila siku.

Wengi pia huamini kwamba mujaaja hufukuza mbu. Hapa yafaa kusema kweli. Watafiti waliofanya majaribio magharibi mwa Kenya, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003, waliona kwamba mimea ya jamaa hii hupunguza mbu, lakini haiwazuii wote. Mbu mmoja tu aliyebaki aweza kuleta malaria. Kwa hiyo kichaka kilicho dirishani hakichukui nafasi ya chandarua, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa, asipewe majani akaachwa.

MMEA WA WATU WA UHAMISHO

Huenda askari akauliza, «Kwa nini nipande mmea wa miaka mingi, nami kesho nitahamishwa?» Swali hilo ni la haki. Familia za Nsambya, Makindye na Kibuli zajua jinsi amri ya safari inavyofika ghafula. Tangu Machi 2007, wanajeshi wa Uganda walipoanza kupelekwa Somalia, mabibi wengi wamejifunza kulea watoto na kutunza nyumba peke yao kwa miezi mingi.

Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kuupenda mujaaja. Bibi aliyeachwa na kazi zote hana saa ya kubembeleza maua dhaifu. Naye atakayehama hahitaji gari la kuubebea: vipande vitatu vilivyofungwa katika kitambaa chenye maji hufika salama mwisho wa safari ya siku moja. Shina mama libaki kwa familia itakayoingia baada yenu, nayo ipate chai yenye harufu tangu siku ya kwanza.

Mvua zijazo zisikukute mikono mitupu. Omba tawi kwa jirani, nawe mwakani umpe mwingine.