Mpira wa Gari Ukipasuka Safarini

Katika taabu zimpatazo msafiri wa gari, ile ambayo watu huiona kuwa nyepesi kuliko zote ni mpira wa gurudumu kuishiwa pumzi. Dereva hushuka, utingo hutoa jeki, abiria hunyosha miguu, na wote hudhani ya kuwa kazi iliyopo ni ya nati na spana tu. Lakini sivyo. Gari likiisha kusimama, tairi bovu haliui mtu. Kiuacho ni chombo kingine kijacho kwa kasi, ambacho dereva wake hana habari kwamba mbele yake watu wameinama kando ya gurudumu. Kwa hiyo utaratibu ulio salama ni huu: kwanza watu, pili onyo, tatu gurudumu. Mwenye kuugeuza hujitia hatarini yeye na wenziwe.

Hesabu ya mwendo

Yafaa walimu waifundishe hesabu hii. Katika Tanzania, mabasi na malori makubwa hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Mwendo huo ni sawa na mita 22 kwa kila sekunde moja. Kanuni za barabarani za Uingereza zaeleza kwamba gari dogo liendalo kwa mwendo huo, barabara ikiwa kavu, huhitaji mita 53 ili lisimame: mita 15 hupita kabla dereva hajakanyaga breki, na mita 38 hupita breki zikifanya kazi. Lori lenye shehena huhitaji zaidi, na barabara ikilowa huzidi tena. Basi dereva wa lori akiliona gari lako usiku likiwa mita 30 mbele yake, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kusimama. Mtu huyo si adui yako. Ni kwamba hukumpa nafasi.

Tairi likipasuka gari likienda

Kishindo kikisikika, wengi hukanyaga breki kwa nguvu, na hapo ndipo gari huyumba au hupinduka. Dereva mwenye akili hushika usukani kwa mikono miwili, akaliongoza gari lake sawasawa, akaondoa mguu katika kikanyagio cha mafuta taratibu, mpaka mwendo upungue. Ndipo awashe taa za tahadhari na kutafuta mahali pa kusimama. Kwa sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda twendao kushoto, atoke upande wa kushoto. Bali katika Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari huenda kulia, atoke upande wa kulia.

Pasifae kusimama ni kwenye kona, juu ya mgongo wa kilima, na juu ya daraja jembamba. Mfano ulio wazi ni mlima Kitonga katika mkoa wa Iringa, ambako barabara hupanda kwa kona kali, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Asimamaye katika kona ya namna hiyo amejificha machoni pa wenziwe. Ni heri ajikokote polepole juu ya tairi bovu mpaka afike mahali peupe, hata kama tairi na ringi vitaharibika. Vitu hivyo hununuliwa dukani. Roho haina duka.

Kwanza watu

Gari likiisha kusimama, abiria washuke kwa mlango ulio mbali na magari yapitayo, waende kando kabisa, nje ya barabara na bega lake. Wasisimame mbele ya gari, wala kati ya magari mawili, kwa maana gari likigongwa nyuma husukumwa mbele. Watoto washikwe mkono. Palipo na uzio wa chuma, wakae nyuma ya uzio.

Lakini mahali hutofautiana. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kadiri ya kilomita 50, na humo mna tembo, nyati na simba. Hapo abiria wasiingie majanini kutafuta kivuli; wakae pamoja, karibu na gari, upande usio wa barabara, na mmoja wao aangalie nyika.

Pili onyo

Taa za tahadhari peke yake hazitoshi. Zitolewe pembetatu nyekundu zing'aazo, moja iwekwe nyuma ya gari kwa mbali: isipungue mita 50, na katika barabara ya mwendo wa kasi ifike mita 100. Kama nyuma yako kuna kona au kilima, iweke kabla ya kona au kilima hicho, ili mwenye kuja aone onyo kabla ya kuliona gari. Aendaye kuiweka apite kando, uso wake ukielekea magari yajayo, akiishika mbele yake.

Desturi yetu ya kutandaza matawi ya miti ni njema, kwa kuwa kila dereva huifahamu maana yake. Lakini tawi haling'ai usiku. Basi liwe msaada wa pembetatu, lisiwe badala yake.

Tatu gurudumu

Sasa kazi ya mikono. Gari liwe juu ya ardhi ngumu na sawa, breki ya mkono imefungwa, na jiwe au gogo limezuia gurudumu la upande mwingine. Nati zilegezwe kidogo kabla gari halijainuliwa. Ardhi ikiwa ya mchanga, jeki iwekwe juu ya ubao mnene. Mtu yeyote asibaki ndani ya gari, wala asiingize kichwa au mguu chini yake. Na tairi la akiba lilazwe chini ya ubavu wa gari karibu na jeki, ili jeki ikiteleza gari lilale juu ya tairi na si juu ya mtu. Nati zikazwe kwa kukabiliana, si kwa kuzunguka; gari likishushwa zikazwe tena, na baada ya mwendo wa kilomita 50 zitazamwe mara ya pili.

Mawe yaachwayo

Kuna dhambi moja ambayo madereva wengi huitenda bila kuihesabu. Wakimaliza kazi huondoa gari, wakayaacha mawe na matawi barabarani. Usiku huohuo hupita kijana na pikipiki yake, akaliparamia jiwe. Aliyeliweka amekwisha fika mbali, wala hatajua kamwe. Twawasihi wazee na viongozi wa vijiji vilivyo kando ya barabara kuu wawakumbushe madereva jambo hili papo hapo, na wayaondoe mawe waliyoyakuta. Nao walimu wawaonye wanafunzi wasikusanyike kulitazama gari bovu.

Mwisho, tairi nyingi hazipasuki kwa bahati mbaya. Tairi lenye pumzi chache hukunjika ubavuni kila lizungukapo, likapata moto, na shehena ya kupita kiasi huuzidisha moto huo hata mpira ukaachana. Kwa hiyo dereva apime pumzi asubuhi kabla ya safari, tairi zikiwa baridi, pamoja na lile la akiba. Tahadhari kabla ya hatari: dakika chache za asubuhi huokoa saa nyingi za taabu njiani, na pengine huokoa watu.