Unataka Kutunga Wimbo? Anza na Neno la Kweli

Huenda wewe ni fundi wa karakana, karani au mama wa nyumbani, na mara nyingine, ukiwa ndani ya basi au ukifua nguo, maneno hukujia kwa sauti ya wimbo. Kisha huyaacha yapotee, kwa kudhani kwamba utunzi ni kazi ya waliousomea. Dhana hiyo haina msingi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri.

Kwanza, chagua habari moja tu. Anayeanza hupenda kuyachanganya mapenzi, umaskini, kifo na nasaha katika wimbo mmoja, na msikilizaji hatoki na lolote. Pili, usitaje jambo kwa ujumla, lionyeshe. Kusema kwamba maisha ni magumu hakumgusi mtu. Bali tazama ubeti huu:

Mshahara umekwisha, mwezi bado kuondoka,
Watoto wanishitusha, kalamu wanazitaka,
Mama jiko amewasha, sufuria yatucheka.

Hesabu silabi, yaani mizani: kila kipande kina nane, na kila mstari kumi na sita. Vina vya kati ni "sha", vya mwisho ni "ka". Mpangilio huo humsaidia mwimbaji kupumua na msikilizaji kukumbuka. Lakini kina kisikutawale. Neno lililoletwa kwa ajili ya kina tu hujulikana mara moja, kama mgeni asiyealikwa.

Sasa tafuta kiitikio, nacho kibebe kiini cha habari:

Mwezi wetu una siku, mfuko hauzijui.

Kisha uimbe kwa sauti. Kiswahili kwa kawaida hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki ukikaza penginepo, neno huharibika. "Barabara" ikikaziwa "ba" ya mwisho ni njia ya magari. Ikikaziwa "ra" ya kwanza ni sawasawa. Kwa hiyo, pale muziki unapogongana na neno, badilisha kimojawapo.

Yako pia mambo ya utu. Mafumbo ni pambo la nyimbo zetu, hasa taarabu. Lakini fumbo linalomlenga jirani huchoma hata watoto wake wasio na hatia. Kabla hujaimba hadharani, jiulize: je, nikikutana naye kisimani kesho, nitaweza kumtazama usoni? Ukiona haya, ufiche wimbo huo, au ufute.

Mwisho, linda jasho lako. Andika maneno yote katika daftari, tia tarehe na jina lako, na uhifadhi nakala nyumbani. Katika Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humtambua mtunzi tangu kazi inapotungwa. Lakini penye ugomvi, ushahidi ndio husema. Usimkabidhi mwenye bendi maneno yako kabla ya kuandikiana mapatano.

Basi leo jioni, kazi zikiisha, chukua kalamu uandike ubeti mmoja. Wasomee walio nyumbani. Wakianza kuuimba bila kuombwa, endelea na wa pili.