Kamera Mbili za Marehemu Baba: Uuze Moja au Uziweke Zote?

Mteja wetu mmoja wa Garsen alituletea swali ambalo halifanani na yale tuliyozoea ya namba ya siri na pesa zilizokwenda kwa mtu mwingine. Baba yake alikuwa mpiga picha, wa zile picha za paspoti, harusi na watoto wa shule. Alipofariki aliacha kamera mbili za filamu, zote Yashica Electro 35, zimefanana kama mapacha. Sasa mtu wa Nairobi ameziona mtandaoni, anataka moja, na anasema anatuma pesa kwa simu leo leo. Shule zinafunguliwa na karo ya mdogo wake haijatimia. Auze? Na akiuza, auze ipi?

Tumeona tulijibu hapa kwa sababu nyumba nyingi zina kitu cha pili namna hii: cherehani ya pili, redio ya pili, pikipiki iliyolala nyuma ya nyumba.

Kwanza tuijue kamera yenyewe. Electro 35 ilianza kuuzwa mwaka 1966, kutoka Japani. Ni aina ambayo wapiga picha huiita renjifainda. Ukichungulia kwenye kidirisha unaona taswira mbili za mtu mmoja, moja imepauka. Unazungusha pete ya lenzi hadi zikutane ziwe moja, hapo umbali umeshapimwa, unabonyeza. Lenzi yake ya milimita 45 hufunguka hadi f/1.7, kwa hivyo inapokea mwanga mwingi, hata sebuleni jioni. Muda wa shata kamera hujichagulia yenyewe kwa umeme wa betri. Kwa mtu wa studio ndogo ilikuwa mashine ya kazi kabisa.

Na mtu wa studio hakununua ya pili kwa kujionyesha. Harusi haisubiri fundi. Kamera ikikwama bibi harusi akiwa tayari ametoka ndani, unachukua nyingine. Watu wa Tana Delta wanalielewa hili bila kuelezwa, maana mwenye mitumbwi miwili haulizwi kwa nini mto unapofurika. Lakini mtumbwi wa pili uliolazwa juani mwaka baada ya mwaka hupasuka, na siku ya maji ukiushusha unazama. Spea ina maana kama kile cha kwanza kinafanya kazi.

Kwa hivyo swali letu kwa huyu mteja lilikuwa moja tu: wewe unapiga picha za filamu? Akasema hapana, anapiga kwa simu kama sisi wote. Basi hizi kwake si vyombo vya kazi tena, ni kumbukumbu ya mzazi. Na kumbukumbu, kusema ukweli, haihitaji spea. Angekuwa anapiga, tungemwambia aziweke zote mbili bila kufikiria sana, kwa sababu vipuri vipya vya kamera hizi hakuna, na moja ikifa hutoa viungo vya kumponya mwenzake.

Kabla hujataja bei

Mnunuzi akikwambia "inafanya kazi?" usijibu kwa sababu umesikia imelia. Electro 35 isiyo na betri bado hufyatuka, ila kwa kasi moja tu, karibu 1/500 ya sekunde. Wengi hudanganyika hapo. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 5.6, ambayo haitengenezwi tena; siku hizi watu huweka ya volti 6 na kipande cha kujazia nafasi. Ikishawekwa, ziba kwa kidole kile kijidirisha cha kupokea mwanga kisha fyatua. Shata ikichelewa kufunga, umeme unafanya kazi.

Halafu vuta mkono wa kusogeza filamu na usikilize. Ndani panatakiwa palie "tok" nzito. Pasipolia, kuna kipande kidogo cha mpira kimekwisha, na ugonjwa huo ni maarufu kwa kamera hizi. Peleka pete ya lenzi mwisho, kwenye alama ya mbali kabisa, kisha chungulia mlingoti wa simu ulio mbali: taswira mbili ziwe zimekutana. Mwisho washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, uangalie upande wa pili. Ukiona kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Joto na unyevu wa huku kwetu ni rafiki mkubwa wa kuvu, hasa kamera ikifungiwa kwenye mkoba wake wa ngozi.

Ukifanya hivyo kwa zote mbili utagundua kwamba mapacha hawa si sawa. Ushauri wetu hapa uliwashangaza hata baadhi ya wenzetu ofisini: uza iliyo nzima zaidi. Ndiyo itakayoleta bei, na itakwenda kwa mtu atakayeitumia. Baki na ile iliyochakaa, ambayo mkanda wake umeshika jasho la baba. Hiyo mnunuzi ataikatia bei kwa kila mkwaruzo, na wewe mikwaruzo hiyo ndiyo unayoitaka.

Jambo ambalo hatukutaka alipite

Usifungue kifuniko cha nyuma! Kwanza tazama kihesabu cha picha. Kamera hii hurudisha hesabu mwanzo kifuniko kinapofunguliwa, kwa hivyo ukikuta imesimama kwenye namba, tuseme 14, huenda kuna filamu ndani. Shika kile kirungu cha juu upande wa kushoto, kizungushe taratibu kufuata mshale. Kikizunguka kilegevu, pengine ni tupu. Kikikaza, kuna filamu, na kuna picha ambazo baba hakuwahi kuziosha.

Hapo habari ya bei isimame kidogo. Tana River imepata mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, na tena ya mwishoni mwa 2023. Maji yakiingia nyumbani watu huokoa watoto, mifugo na vitambulisho, albamu hubaki. Kuna familia hazina hata picha moja ya bibi. Filamu moja iliyosahaulika ndani ya kamera inaweza kuwa na sura ambazo haziko mahali pengine popote, za kwenu au za majirani. Bonyeza kitufe kidogo cha chini ya kamera, zungusha kirungu hadi kilegee kabisa, ndipo ufungue, tena kivulini. Filamu ya zamani hufifia, na rangi huharibika kabla ya nyeusi na nyeupe, lakini si lazima iwe imekufa. Nairobi bado wapo wanaoosha. Ifungeni vizuri muitume, hata kama kamera haitauzwa.

Mteja wetu alizungusha. Moja ililegea, ya pili ikakaza. Ile iliyokaza ndiyo ile iliyochakaa.

Jambo jingine ni la nyumbani. Kamera za marehemu ni mali ya warithi wote. Wapigie ndugu kabla ya kumjibu mnunuzi, hata yule aliye Hola ambaye hajauliza chochote kwa miaka. Hasira za "uliuza bila kuniambia" hudumu kuliko karo.

Sasa pesa

Mnunuzi wa mbali anaogopa kutuma, na wewe unaogopa kutoa mzigo. Njia ambayo watu wengi huikubali ni nusu kabla ya mzigo kuingia kwenye basi, nusu ukifika na kukaguliwa. Kubalianeni mapema nani analipa nauli ya mzigo na nani anaongeza "ya kutoa", maana hapo ndipo bei nzuri hupunguka kimya kimya.

Pesa zikiingia, usiamini meseji. Fungua akaunti yako uangalie salio. Meseji ya uongo huandikwa ikafanana na yetu neno kwa neno, ila salio halijui kusema uongo. Na akikupigia mtu akisema ametuma zaidi kwa bahati mbaya, umrudishie haraka, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Namba yako ya siri hatuhitaji sisi, wala mnunuzi, wala mtu wa basi.

Piga picha namba iliyochorwa kwenye kamera, lenzi ikiwa wazi, na stakabadhi ya mzigo, umtumie mnunuzi siku hiyo hiyo. Angalia pia barabara. Maji yanapopita juu ya lami pale Lango la Simba, au upande wa Hola na Garissa, mzigo unaweza kulala njiani siku kadhaa, na mnunuzi wa Nairobi asiyejua Tana atadhani umemtapeli. Mweleze kabla hajauliza.

Nusu ya kwanza ikishaingia, ilipe moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya shule bila kuitoa kwanza. Unaokoa ada ya kutoa, na risiti inabaki kwenye simu.

Ile kamera inayobaki itolewe betri, isifungiwe kwenye mkoba wa ngozi. Iwekwe kwenye mkebe wenye vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, juu ya kabati, mbali na sakafu.