Sura ya Saba: Mtetemo wa Gari Lililosimama

Mtetemo wa gari likiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, una vyanzo viwili vikubwa, na fundi anayevichanganya atakula pesa za mteja bila kumponya. Inawezekana injini yenyewe inatikisika kupita kawaida kwa sababu silinda mojawapo haifanyi kazi. Inawezekana pia injini ni nzima, inatikisika kiasi chake cha siku zote, ila mauntingi zilizokuwa zikimeza mtikisiko huo zimechoka, nao sasa unafika hadi kwenye usukani na kiti. Pasinunuliwe kifaa hata kimoja kabla ya kujua ni chanzo kipi.

Hesabu inasaidia. Katika injini ya petroli ya silinda nne, kila silinda huchoma mafuta mara moja kwa mizunguko miwili ya krenki. Mshale wa mizunguko ukiwa 700, milipuko ni 1,400 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya 23 kila sekunde. Mkono huisikia kama mvumo mmoja. Silinda moja ikikosa zamu yake kila mara, pengo linajirudia mara 350 kwa dakika, karibu mara sita kwa sekunde, na mwili unaweza kulihisi pengo mojamoja. Weka kiganja nyuma ya bomba la ekzosi, mbali kidogo usiungue. Pumzi ikitoka mfululizo na injini imetulia huku bodi ikitetemeka, geukia mauntingi. Pumzi ikikatika kwa mpangilio, injini inamisi.

Mwenye Vitz ya kizazi cha pili, iliyoanza 2005, yenye injini ya 1KR-FE, akumbuke kwamba ana silinda tatu tu. Milipuko yake ni 17 au 18 kwa sekunde, na hata ikiwa nzima itatetemeka kuliko IST ya silinda nne. Hapo hakuna ugonjwa wa kutibu.

Injini ikimisi, mashine ya kupima itakupa namba. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ina maana kumisi hakujakaa kwenye silinda moja. Namba kama P0301 inakutajia silinda, haikutajii kifaa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea: namba inasomwa, koili nne mpya zinanunuliwa, gari linaondoka likitetemeka vilevile. Njia ya uhakika ni kuhamisha. Tuseme umepata P0301. Zima injini, chukua koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya tatu, ya tatu uilete ya kwanza, futa namba, washa tena. Ikitokea P0303, koili imejishtaki yenyewe. Namba ikibaki P0301, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo, kisha nozeli. Kama vyote vimehama na silinda ya kwanza bado imelala, pima kompresheni; huenda ni vali au ringi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Sipendi ule mtindo wa kung'oa koili mojamoja injini ikiunguruma. Umeme wake ni mkali, na petroli isiyochomwa inaingia kwenye ekzosi na kuyaunguza masega ya katalisti. Kwa sababu hiyohiyo, taa ya cheki injini ikiwakawaka, gari lisiendelee na safari.

Ukitoa koili, chungulia shimo la plagi. Oili ikiwa imejaa humo, gasketi ya kava ya vali inavuja, na koili mpya nayo itaharibika usipoanza na gasketi hiyo. Plagi za iridiamu zilizo halisi huweza kwenda takriban kilomita 100,000. Za bandia zimejaa madukani, basi nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Kuna pia hewa inayoingia kwa wizi, kupitia mpira wa vakyumu uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Dalili yake ni kwamba mtetemo unapungua au unaisha ukikanyaga mafuta. Sailensi, throto imefungwa karibu yote, kwa hiyo tundu dogo linavuruga mchanganyiko mzima. Mzunguko ukifika 2,500, hewa hiyo ni sehemu ndogo ya inayopita. Usiitafute kwa kupulizia petroli kwenye injini ya moto. Watu wameunguza magari hivyo. Kipimo cha moshi ni salama zaidi. Throto yenye masizi nayo huyumbisha sailensi, na kuisafisha ni kazi ndogo.

Tukija kwenye mauntingi, mwambie msaidizi akanyage breki kwa nguvu, atie D, kisha R, huku wewe umesimama pembeni ya boneti iliyo wazi, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka, mpira umekatika. Zile zenye maji ndani huacha alama nyeusi zikivuja. Usikubali kujaziwa vipande vya tairi: mpira mgumu unazuia injini isiruke, lakini unapitisha mtetemo wote kwenye bodi, na ulichokuja kutibu kinazidi.

Wakati wa kufunga mpya, boliti zisikazwe moja kwa moja. Zishike kidogo tu, injini iungurume dakika chache ijitafutie mkao wake, izimwe, ndipo zikazwe. Mauntingi iliyokazwa huku imevutwa upande itatetemesha gari ingawa mpira wake ni mpya, na itachanika mapema.