Kuskani Nyaraka kwa Printa ya Nyumbani
Maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 mjini Katesh, wilayani Hanang, yalisomba nyumba pamoja na vilivyokuwamo. Kwa sababu hiyo tunamshauri kila mwenye printa yenye skana, awe Hanang au Mbulu, askani mapema hati ya ardhi na vyeti vya familia. Futa kioo kwanza. Vumbi huacha madoa. Maandishi yanatosheka na nukta 300 kwa inchi, ilhali picha ya zamani hustahili 600. Faili isikae katika kompyuta hiyo pekee. Nakala haichukui nafasi ya hati halisi, bali hurahisisha kuomba nyingine. Ukiskani steshenari, usiondoke kabla faili yako haijafutwa mbele yako.