Malezi Yanayoikwepa Sheria: Lawalawa na Elimu ya Wazazi Mkoani Singida

Malezi ya kisasa yanapojadiliwa, simu na televisheni hulaumiwa kwanza, na huko mijini lawama hizo zina ukweli wake. Mkoani Singida, ambako kaya nyingi huishi kwa alizeti, uwele na mtama wa msimu mmoja wa mvua, ugumu wenyewe uko mahali pengine: sheria, zahanati na shule zimekuja na maarifa mapya juu ya mtoto, ilhali uamuzi juu ya mwili wake na muda wake bado hufanywa nyumbani, mara nyingi na watu ambao maarifa hayo hayakuwafikia. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa lawalawa.

Lawalawa ni jina ambalo wakazi wa Singida na Dodoma huyaita maradhi ya sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto wadogo, ambapo mtoto huwashwa, hutokwa na uchafu na kulia kila anapokojoa. Kwa mtazamo wa kitabibu, hayo ni maambukizi ya bakteria au fangasi, yakiwamo yale yanayojulikana zahanatini kama U.T.I., nayo hutibiwa kwa dawa na kuzuiwa kwa usafi, jambo ambalo si jepesi katika kijiji ambacho maji hufuatwa mbali wakati wa kiangazi. Maelezo ya jadi yalichukua njia nyingine. Baada ya serikali kuanza kupiga vita ukeketaji, yaani ukataji wa sehemu za siri za mwanamke bila sababu ya kitabibu, mwishoni mwa miaka ya 1960, maradhi hayo yalipozungumzwa sana katika miaka ya 1970 wazee waliyatafsiri kuwa adhabu ya mizimu kwa kuachwa kwa mila, na ukeketaji, ambao awali uliambatana na unyago wa wasichana, ukapewa kazi mpya ya kuwa tiba.

Tafsiri hiyo ndiyo iliyokutana na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai na kumbana pia mzazi au mlezi anayeuruhusu. Sheria ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, kwa kuwa imani ya tiba haikuguswa, sehemu ya jamii iliacha sherehe na ngoma zake, ikahamishia tendo hilo kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kusimulia na ambao jeraha lao hupona kabla ya mtu wa nje kuliona. Mama kijana anayeishi kwa wakwe zake, hata akiwa amemaliza darasa la saba au kidato cha nne, si rahisi kumpinga mama mkwe aliyeshika uzoefu wa malezi ya nyumba nzima.

Kwa sababu hiyo, takwimu zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 31 ya wanawake wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 20. Mafanikio hayo si ya kubezwa, lakini kipimo hicho huwahesabu wanawake waliofikisha miaka 15, hivyo kinaeleza zaidi yaliyofanyika miaka mingi nyuma kuliko yanayofanywa leo kwa kichanga. Na mama anayeulizwa kuhusu binti yake ana kila sababu ya kuficha.

Shuleni pia, pengo hilo kati ya sheria na uamuzi wa nyumbani hujirudia kwa sura nyepesi zaidi. Elimu bila ada katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilianza kutekelezwa Januari 2016, lakini chakula cha mchana kikabaki kutegemea michango ya wazazi, na wakati wa kuamia ndege katika mashamba ya uwele na mtama, mtoto aliyeandikishwa bila ada bado huweza kukosekana darasani kwa sababu kwao hakuna mwingine wa kulinda shamba.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa umri hadi miaka minane, imeweka wazi kwamba afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali haviwezi kutenganishwa. Kasoro iliyozoeleka katika utekelezaji wa mipango ya namna hii ni kumchukulia mama peke yake kuwa ndiye mlezi. Mkoani Singida, siku ya kliniki ya kupima uzito ndiyo nafasi bora ya kumwalika bibi na baba pia, waelezwe na muuguzi, ikiwezekana kwa Kinyaturu au Kinyiramba, kwamba mtoto anayelia akikojoa anahitaji kupelekwa zahanati siku hiyohiyo, na kwamba wembe hautibu maambukizi.